Usione Vyaelea, Vimeundwa: Kadi ya Matibabu ya Saskatchewan na Watu Walioipigania



Miezi kadhaa iliyopita nilimsindikiza mama mmoja, mgeni katika mji wetu, aliyekuwa akimpeleka mwanawe kwa daktari. Mtoto alikuwa ameumwa sikio usiku kucha. Mimi nilikwenda kwa kazi ya ukalimani tu. Tulipofika dirishani, mama alifungua pindo la kanga, akatoa noti alizokuwa amezifunga humo, akaziweka mezani kabla hajaulizwa neno. Mhudumu alizitazama, akatabasamu, akamrudishia, kisha akaomba kadi ya afya ya mtoto. Akaandika namba, akatuonyesha viti. Mtoto alipimwa, akaandikiwa dawa, nasi tukatoka. Njiani mama alinyamaza kitambo, halafu akaniuliza: "Kaka, nani amelipa?"

Nilimjibu upesi: "Serikali." Jibu hilo halikuwa la uongo, lakini lilikuwa fupi mno, na tangu siku ile limenikera moyoni. Wengi wetu tumetoka katika nchi ambako mgonjwa hupimwa mfuko kabla ya kupimwa homa. Kenya ilianzisha uchangiaji wa gharama za matibabu mwaka 1989, Tanzania ikafuata mwaka 1993. Na ndugu zetu wa Kongo wanajua habari ya mgonjwa aliyepona lakini haruhusiwi kwenda nyumbani mpaka deni lilipwe. Tunapofika huku na kupewa kadi, ni rahisi kudhani kwamba kadi hiyo iliota yenyewe pamoja na nyasi za nyanda hizi. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Makala haya yanaeleza ni nani waliounda, kwa gharama gani, na kwa nini habari hiyo inatuhusu sisi tuliofika juzi.

NCHI YA UPEPO NA NGANO

Saskatchewan ilifanywa kuwa jimbo la Kanada tarehe 1 Septemba 1905. Kabla ya hapo, na hata baadaye, serikali ilikuwa ikiwaita watu kutoka Ulaya waje kulima. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1872, mtu aliweza kupata ekari 160 kwa ada ya dola 10, mradi ajenge nyumba, akae na alime. Wakaja Waukraine, Wajerumani, Waskandinavia, Waskoti na wengineo, kila kundi na lugha yake, sala yake na mkate wake. Wengi walijenga nyumba zao za kwanza kwa matofali ya udongo wenye nyasi, kwa sababu miti haikuwapo. Jirani alikuwa mbali. Daktari alikuwa mbali zaidi.

Lakini ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa nchi ya Wakri, Wadakota, Wasaulteaux, Wadene, Wametis na wengine. Mwaka 1876, huko Fort Carlton na Fort Pitt, wakuu wa Wakri na wenzao walitia saini Mkataba wa Sita na wawakilishi wa Malkia. Ndui na njaa zilikuwa zimekwisha kuwapukutisha watu wao, nyati nao walikuwa wakitoweka. Kwa hiyo walidai jambo ambalo halikuwamo katika mikataba iliyotangulia: kwamba nyumbani kwa kila wakala wa serikali kuwekwe sanduku la dawa kwa ajili ya watu wao. Ahadi ya kwanza ya matibabu ya umma katika nyanda hizi iliandikwa basi kwa madai ya wenyeji, miaka 86 kabla ya bima tunayoitumia leo. Na ni aibu ya historia kwamba wenyeji hao hao ndio waliocheleweshewa ahadi zote: katika Saskatchewan, watu wa mikataba hawakupata haki ya kupiga kura ya jimbo mpaka mwaka 1960.

Wakulima wageni nao walijifunza upesi kwamba mtu mmoja hana nguvu mbele ya kampuni. Mwaka 1901 mavuno ya ngano yalikuwa makubwa kupita kiasi, lakini mabehewa ya reli hayakutosha, na yaliyokuwapo yalipewa kwanza wenye maghala makubwa. Ngano ya mkulima ikabaki nje ikioza. Mwishoni mwa mwaka huo wakulima walikutana katika mji mdogo wa Indian Head, wakaunda chama chao. Mwaka uliofuata walimshitaki wakala wa reli wa kituo cha Sintaluta kwa kutogawa mabehewa kwa zamu, nao wakashinda. Kutokana na ushindi huo vikazaliwa vyama vya ushirika vya maghala, maduka na mafuta, na mwaka 1924 ushirika wa ngano wa jimbo zima ukaanza kazi.

HALMASHAURI ILIYOAJIRI DAKTARI

Kutoka kushirikiana katika ngano hadi kushirikiana katika ugonjwa ilikuwa hatua fupi. Kiasi cha mwaka 1915, halmashauri ya vijijini ya Sarnia, karibu na kijiji cha Holdfast, ilikuwa karibu kumpoteza daktari wake, kwa kuwa wagonjwa hawakuwa na fedha taslimu za kumlipa. Wajumbe wakaamua kumpa dola 1,500 kwa mwaka kutoka kodi ya wakazi ili abaki. Walifanya hivyo kabla ya kuwapo sheria iliyowaruhusu waziwazi. Mwaka 1916 bunge la jimbo likairekebisha sheria ili halmashauri nyingine ziweze kufanya vivyo hivyo. Hapakuwa na nadharia wala hotuba kubwa. Palikuwa na watu waliokaa mezani wakahesabu: tukilipa kidogo kidogo sote, hakuna atakayefilisika peke yake.

Mwaka 1929 Saskatchewan ikawa jimbo la kwanza Kanada kutoa matibabu ya bure ya kifua kikuu kwa wakazi wake. Kisha zikaja dhiki za miaka ya 1930. Mwaka 1932 busheli moja ya ngano iliuzwa kwa chini ya senti 40. Mvua zikakatika, upepo ukaubeba udongo wa juu, jua la mchana likafichwa na vumbi. Mwaka 1937 ekari moja ilitoa wastani wa busheli zisizofika 3, na thuluthi mbili ya watu wa mashambani waliishi kwa msaada. Madaktari walilipwa kuku, kuni na viazi, au hawakulipwa kabisa. Katika dhiki hiyo watu hawakujiuliza tena kama wanastahili kusaidiana. Walijiuliza tu ni kwa njia gani.

MTOTO WA WAHAMIAJI NA MGUU WAKE

Tommy Douglas alizaliwa Falkirk, Uskoti, mwaka 1904. Baba yake alikuwa fundi wa kusubu chuma. Kabla ya kuhamia Kanada mtoto alikuwa ameanguka na kuumia goti, na mfupa ukaingia uozo. Walipofika Winnipeg uozo ulirudi, na wazazi hawakuwa na fedha za daktari bingwa. Hospitalini waliambiwa kwamba hapana budi mguu ukatwe. Kwa bahati, daktari mmoja bingwa wa mifupa alipita wodini, akajitolea kumpasua bila malipo, mradi wanafunzi wake waruhusiwe kutazama. Mguu ukapona.

Mtu mwingine angeshukuru tu akasahau. Douglas alishukuru, lakini hakusahau kuuliza: je, mtoto wa kitanda cha pili, ambaye daktari hakupita karibu naye, amefanya kosa gani? Maisha yake yote alisema kwamba mguu wa mtoto haupaswi kutegemea bahati wala hisani.

Alikua, akawa mchungaji wa kanisa la Kibaptisti mjini Weyburn, Saskatchewan, katika miaka ile ya vumbi. Aliwazika watu ambao wangepona kama wangefika kwa daktari mapema. Mwaka 1932 wakulima, wafanyakazi na walimu walikutana Calgary wakaanzisha chama kipya cha siasa, CCF; mwaka 1933 wakatoa tamko lao Regina. Douglas akajiunga, akawa mbunge wa shirikisho mwaka 1935, na tarehe 15 Juni 1944 chama chake kikashinda uchaguzi wa jimbo kwa viti 47 kati ya 52. Mtoto wa wahamiaji maskini akawa waziri mkuu wa jimbo.

Serikali yake haikurukia kilele cha mti. Ilianza na matawi ya chini. Tarehe 1 Julai 1946 wilaya ya Swift Current, kwa juhudi za watu wake wenyewe, ilianzisha bima ya matibabu kwa wakazi wote, ikigharimiwa kwa kodi ya kila mtu na ya ardhi. Tarehe 1 Januari 1947 bima ya hospitali ikaanza jimbo zima, kwa dola 5 kwa mtu kwa mwaka. Mtu aliweza kulazwa bila kuuza ng'ombe. Mwaka 1957 serikali ya shirikisho ilipitisha sheria ya kuchangia bima za hospitali za namna hiyo katika majimbo yote. Kwa kuwa mzigo wa jimbo ulipungua, Douglas aliona wakati umefika wa hatua iliyobaki, nayo ni kumlipa daktari mwenyewe. Alitangaza mpango huo mwishoni mwa mwaka 1959. Uchaguzi wa 1960 ukapiganwa juu ya jambo hilo moja, na chama chake kikashinda tena.

SOMA, SIKILIZA, JADILI, TENDA

Hapa yafaa tusimame kidogo tuulize: watu wale, waliotawanyika mashambani, waliwezaje kupata nia moja? Magazeti makubwa ya kila siku ya Regina na Saskatoon yalipinga mpango huo. Chama cha madaktari kilikuwa na fedha za matangazo. Wakulima walikuwa na nini?

Walikuwa na mikutano midogo. Walikuwa na jarida la ushirika, gazeti la chama, karatasi zilizopigwa chapa kwa mashine ya mkono na kupitishwa nyumba hadi nyumba, ukumbi wa shule jioni, na chai. Tena walikuwa na redio. Mwaka 1941 redio ya taifa ya Kanada ilianza kipindi cha baraza la wakulima, ambacho kiliendelea mpaka 1965. Kila juma, majira ya baridi, majirani walikusanyika katika nyumba ya mmoja wao. Walikuwa wamekwisha kusoma kijitabu cha mada ya juma hilo, walisikiliza kipindi, walizima redio wakajadiliana, kisha katibu wao akaandika maoni yao na kuyapeleka makao makuu, ambako yalisomwa hewani baadaye. Shabaha yao ilikuwa kusoma, kusikiliza, kujadili na kutenda.

Wasomaji wetu wa Tanzania, hasa wale wenye mvi, watatambua jambo hili. UNESCO ililieneza wazo la mabaraza ya redio katika nchi nyingine. India ililijaribu mwaka 1956 na Ghana mwaka 1964. Na Tanzania, mwaka 1973, ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ilitumia mambo yale yale matatu: redio, kitabu na kikundi. Watu wapatao milioni 2 walikaa chini ya miembe na katika madarasa, wakasikiliza, wakasoma, wakajadili habari za malaria, maji na choo, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Basi mkulima wa Saskatchewan na mwanakijiji wa Dodoma, ingawa hawakuonana, walipita shule moja. Wote wawili walijua kwamba afya si kazi ya daktari peke yake, na kwamba mtu hawezi kutetea jambo ambalo hajapata kuelezwa kwa lugha anayoielewa.

SIKU 23

Sheria ya bima ya matibabu ilipitishwa Novemba 1961. Mwezi huo huo Douglas, aliyekuwa amechaguliwa kuongoza chama kipya cha taifa, alimwachia uwaziri mkuu Woodrow Lloyd. Lloyd alikuwa mwalimu, mtu wa maneno machache, asiye na mzaha wala mvuto wa jukwaani wa mwenzake. Ndiye aliyeachiwa dhoruba.

Madaktari walidai kwamba serikali itawafanya watumishi wake, na kwamba siri kati ya daktari na mgonjwa itavunjwa. Tusiwaonee: wengi wao walikuwa wamefanya kazi miaka mingi katika baridi na vumbi, na hofu yao ya kupoteza uhuru haikuwa ya kujifanya. Tarehe 3 Mei 1962 Lloyd alikwenda mwenyewe kuwahutubia mjini Regina. Alipomaliza, waliombwa wasimame wale watakaokataa kufanya kazi chini ya sheria hiyo. Karibu ukumbi mzima ukasimama.

Tarehe 1 Julai 1962 bima ikaanza, kwa ada ya dola 12 kwa mtu mmoja na dola 24 kwa jamaa nzima kwa mwaka. Siku hiyo hiyo madaktari wengi wakafunga milango, wakiacha huduma ya dharura katika hospitali chache. Jimbo la watu zaidi ya 900,000 likaamka bila daktari wake wa kawaida. Siku ya kwanza tu, wazazi fulani wa kijijini walisafiri kwa gari wakimtafutia daktari mtoto wao mchanga mwenye homa ya uti wa mgongo. Milango waliyoikuta imefungwa, na mtoto akafa kabla ya kupata tiba. Habari hiyo iliitikisa nchi. Kila upande uliulaumu mwingine, lakini kaburi lilikuwa moja.

Akina mama waliohofia kupoteza madaktari wa watoto wao waliunda kamati za kuwatetea madaktari, na kamati hizo zikaenea kwa kasi. Zikaitisha mkutano mkubwa mbele ya jengo la bunge, Regina, tarehe 11 Julai. Waandaaji walitarajia makumi ya maelfu; waliofika walikadiriwa kuwa kiasi cha 4,000. Kuanzia siku hiyo upepo uligeuka.

Kwa upande wa pili palikuwa na watu wasioandikwa sana magazetini. Tarehe 3 Julai, siku mbili tu baada ya mgomo kuanza, wananchi wa Saskatoon walifungua kliniki yao ya ushirika. Walikuwa wamechanga fedha wenyewe. Madaktari wanawake wawili, Joan Witney-Moore na Margaret Mahood, ndio walioanza kazi hapo, wakatengwa na wenzao wa taaluma kwa ajili hiyo. Miji mingine ikafuata, Regina na Prince Albert zikiwamo. Madaktari wengine waliletwa kutoka Uingereza na kwingineko. Katika baadhi ya hospitali waliwekewa vikwazo, lakini walifanya kazi.

Hatimaye akaitwa mpatanishi: Lord Stephen Taylor, daktari Mwingereza aliyekuwa ameshiriki katika kuundwa kwa huduma ya afya ya taifa nchini mwake. Kwa kuwa pande mbili zilikuwa haziwezi kukaa meza moja, yeye alikwenda huku na kurudi kule, akibeba maneno ya hawa kwa wale, na kuyapunguza makali njiani, kama mshenga afanyavyo. Husimuliwa kwamba malipo aliyoyataka kwa kazi hiyo yalikuwa safari ya kuvua samaki kaskazini mwa jimbo. Tarehe 23 Julai 1962 mapatano yakatiwa saini mjini Saskatoon. Serikali ilibaki na bima moja kwa watu wote. Madaktari walibaki na haki ya kulipwa kwa kila huduma, na ya kutolazimishwa kuwa watumishi wa serikali. Kliniki za ushirika zikaruhusiwa kuendelea. Mgomo ulikuwa umechukua siku 23.

Haukupita mwaka mmoja kabla malalamiko hayajapungua, kwani madaktari waligundua kwamba sasa hawana wadaiwa. Lakini Lloyd hakulipwa shukrani. Mwaka 1964 alishindwa uchaguzi. Alikufa mwaka 1972, na watu wengi wanaotumia kadi leo hawajui jina lake. Mwenzake Douglas alikufa mwaka 1986, na mwaka 2004 watazamaji wa televisheni ya taifa walimchagua kuwa Mkanada mkuu kuliko wote. Mwenye kuanzisha husifiwa. Mwenye kushikilia kamba wakati wa tufani husahauliwa. Sisi tuwakumbuke wote wawili.

CHENYE KUPATIKANA HUWEZA KUPOTEA

Jaji Emmett Hall, mtu wa Saskatchewan asiyekuwa wa chama cha Douglas, aliongoza tume ya shirikisho iliyopendekeza mwaka 1964 kwamba mpango kama huu uenezwe Kanada nzima. Bunge la Ottawa liliipitisha sheria mwaka 1966 kwa kura 177 dhidi ya 2. Ikaanza kutumika mwaka 1968, na ilipofika 1971 majimbo yote 10 yalikuwa yamejiunga. Sheria ya Afya ya Kanada ya mwaka 1984 ikapiga marufuku kumtoza mgonjwa nyongeza kwa huduma zilizo ndani ya bima.

Msomaji asidhani kwamba tangu hapo mambo yalinyooka. Mwaka 1968 serikali iliyofuata Saskatchewan iliweka tozo ya dola 1.50 kila mtu aendapo kwa daktari, ili, ilisemwa, watu wasiende ovyo. Waliopungua walikuwa maskini na wazee. Tozo hiyo ikafutwa mwaka 1971, baada ya wapiga kura kubadilisha serikali. Ada ya mwaka nayo ikaondolewa mwaka 1974, na gharama zote zikatoka katika kodi. Kisha mwaka 1993 jimbo, likiwa limeelemewa na madeni, liliacha kugharimia vitanda vya wagonjwa katika hospitali ndogo 52 za vijijini. Waliofanya hivyo walikuwa warithi wa chama kile kile cha Douglas. Funzo ni kwamba haki haitunzwi na jina la chama. Hutunzwa na watu wanaofuatilia.

Vivyo hivyo ushirika wa ngano, uliokuwa fahari ya nyanda hizi, uligeuzwa mwaka 1996 kuwa kampuni ya hisa, na mwaka 2007 hata jina lake likabadilika. Wajukuu wa waanzilishi walikuwa wamekwisha kuacha kuhudhuria mikutano.

Na mpaka leo kadi haifungui kila mlango. Meno, miwani na dawa nyingi za watu wazima ziko nje ya bima ya msingi, isipokuwa kwa makundi fulani. Foleni ya upasuaji ni ndefu. Vijiji hutafuta madaktari bila kupata. Mambo haya hujadiliwa katika mikutano na katika uchaguzi, tuwepo sisi au tusiwepo.

SEHEMU YETU

Huenda mtu akasema: hayo ni mambo ya wenyewe, sisi ni wageni. Lakini waliounda bima hii walikuwa nani, kama si wageni? Waukraine waliokuja na magunia, Waskoti waliokuja na mtoto mwenye mguu mbovu. Nao pia waliambiwa kwamba Kiingereza chao ni kibovu na kwamba wangoje. Hawakungoja. Walianza na lililokuwa karibu: ghala la nafaka, daktari wa halmashauri, kliniki ya mtaa.

Wengi wetu bado hatujapata uraia, kwa hiyo hatupigi kura. Lakini yako mengi yasiyohitaji kura. Kliniki za ushirika zilizozaliwa mwaka 1962 zingali zikifanya kazi Saskatoon, Regina na Prince Albert, nazo zina wanachama na mikutano ya mwaka. Shule za watoto wetu zina mabaraza ya wazazi. Halmashauri ya mji hukaa hadharani, na mkazi anaweza kuhudhuria, au kupeleka barua. Mkalimani mmoja katika zahanati hupatikana kwa sababu kuna mtu aliyeomba. Basi la jioni mtaani hubaki kwa sababu kuna watu waliolalamika lilipotaka kuondolewa. Na waliokwisha kupata uraia hawana udhuru: kura isiyopigwa hupigwa na mwingine.

Jarida hili si la chama chochote, wala hatutamwambia msomaji amchague nani. Tunasema tu kwamba karatasi hizi chache, tunazozitoa nakala na kuzipitisha mkono kwa mkono baada ya sala na baada ya ibada, ni za ukoo mmoja na zile zilizopitishwa mashambani miaka ile. Zikisomwa na kutupwa, ni karatasi. Zikisomwa na kujadiliwa sebuleni, juu ya chai ya tangawizi, zinaweza kuwa mwanzo wa jambo. Twapendekeza basi kwamba majira haya ya baridi jamaa tatu au nne zikutane mara moja kwa mwezi, zichague mada moja, iwe ni meno ya watoto, au foleni ya daktari, au lugha hospitalini, wajadili, na mmoja aandike walichokubaliana atuletee. Tutakichapa.

Nilionana tena na yule mama siku chache zilizopita. Sikio la mtoto limepona. Sasa anacheza mpira thelujini bila kofia, na mama analia naye kila siku. Nilimwambia kwamba nilimjibu vibaya siku ile, na kwamba nina jibu jingine. Aliyelipa ni mkulima wa Holdfast aliyekubali kuongezewa kodi ili daktari asiondoke. Ni mkuu wa Wakri aliyedai sanduku la dawa. Ni mwalimu aliyepoteza uwaziri mkuu. Ni madaktari wawili waliotengwa na wenzao. Na sasa, mama, ni wewe mwenyewe, kwa kodi inayokatwa katika mshahara wako wa kusafisha ofisi usiku. Kwa hiyo mtoto wako hatibiwi kwa hisani ya mtu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Na mkutano wa hiyo kliniki ni lini?"